Udi wa Arubaini

Kibokoni,
11 Septemba 2024

Kwa mume wangu Bassam,

Assalamu alaykum. Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Simu imekufa maji. Jana Bi Mwanarusi alikuja kunikanda, beseni lake la maji ya moto akaliweka kando ya kitanda kama kawaida, nami nikajinyoosha nimpige picha Rahaf akipiga miayo nikutumie. Mara chubwi! Bi Mwanarusi aliitoa kwa upawa huku akicheka mpaka akaketi chini. Mama hakucheka. "Wacha ife," akasema. "Mzazi hana kazi na simu, yaharibu mato, utakuwa huoni. Itatengezwa arubaini ikisha."

Simu ya Mama unaijua. Ukinipigia, nitazungumza nawe mbele yake, mbele ya mashangazi, na mbele ya kila jirani aliyekuja kumwona mtoto akakaa mpaka chakula cha mchana. Nitakwambia nini hapo? Nitasema alhamdulillahi, tumeamka wazima, kisha nikate.

Kwa hivyo sikiliza. Barua zangu utazikuta zimebandikwa chini ya hotipoti ya chakula unayoichukua jioni. Zako zitie kwenye kikapu cha sokoni unachotuletea asubuhi, upande wa ndizi, maana upande wa samaki zitalowa. Najua ni kichekesho, mtu na mumewe kuandikiana barua na kutoka hapa mpaka Majengo ni mwendo wa miguu. Lakini ndivyo mama zetu walivyofanya uzazi wa kwanza: mke kwao, mume kwake, mpaka siku arubaini zitimie. Ijumaa ulipokuja ulikaa ukumbini na ami zangu, ukaletewa mtoto, na mimi nikakuona kwa upenyo wa pazia. Ulikuwa umevaa ile kanzu yenye doa la chai. Nilitamani kutoka nikuvue nikaifue.

Mimi mzima. Rahaf ananyonya kwa fujo. Je, wewe umekonda?

Mkeo,
Jawahir


Majengo,
12 Septemba 2024

Mke wangu Jawahir,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikaisoma tena mpaka wali ukapoa. Sikukonda. Mamako ananipakulia kana kwamba nalisha makuli wote wa Kilindini.

Nyumba imekuwa kubwa. Vyumba ni vilevile viwili na ukumbi, na ngazi ni zilezile ulizokuwa ukizilaumu, lakini nikikohoa nasikia kikohozi changu mwenyewe. Leso yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, na foronya yako sijaifua wala sitaifua. Kahindi wa duka la chini ameniuliza mbona siku hizi nanunua mkate nusu. Nimemwambia nusu ya nyumba haipo.

Nikwambie jambo, usicheke. Asubuhi nikishaacha kikapu kwenu sitoki njia ya mkato. Napita chini ya dirisha lako, nazunguka mpaka Fort Jesus, ndipo napanda gari la bandarini. Griffins, tunayekaa naye meza moja ofisini, aliponikuta huko akashika kiuno: "We Bassam, tangu lini Kilindini ikawa upande wa Fort Jesus?" Mtaa wenu una watoto wachanga wengi. Nasimama nasikiliza wanavyolia, nami sijui yupi ni wangu. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku ile ya kwanza uliniambia kwenye simu unaumwa ukiketi, kisha hukulitaja tena. Kumekwisha?

Wako,
Bassam


Kibokoni,
18 Septemba 2024

Kwa Sista Cynthia, zahanati ya Makupa,

Salaam nyingi. Mimi ni Jawahir, yule uliyenizalisha mtoto wa kike mwanzo wa mwezi huu. Anayekuletea barua hii ni mume wangu. Hajui imeandikwa nini, ndiyo maana bahasha nimeishona kwa uzi. Nikiibandika tu atadhani gundi imesahau kushika.

Sista, ulipomaliza kunizalisha uliniambia nimechanika msamba kidogo. Ukasema mchaniko hautoki damu, kingo zinakutana zenyewe, na kwamba mimi ndiye wa kuchagua, unishone ama uuache upone wenyewe. Nikasema uache. Sikusema kwa akili, nilisema kwa woga. Nilikuwa nimemwona binamu yangu Nabiha baada ya kushonwa, arusi nzima ameketi upande mmoja, hacheki wala hachezi.

Sasa Mama hanipi raha. "Kitu kimetatuka hakikutiwa uzi, kitashikanaje?" Ndivyo anavyoniuliza kila akinipa uji. Nikilala ananifunga magoti kwa leso ili kidonda kishikane. Bi Mwanarusi akishanikanda tumbo anashuka na maji yaleyale ya moto mpaka kule, nami nauma mto nisipige kelele. Na Mama ameniapisha nisimwambie Bassam. Anasema mwanamume akimkuta mke si yule aliyemwacha, hagombi wala hasemi, anatafuta mwengine taratibu.

Niambie kweli. Nilikosea? Naweza kushonwa sasa? Nitarudi kuwa nilivyokuwa? Arubaini yangu ni tarehe kumi na mbili mwezi ujao, na siku hiyo atakuja kunichukua. Namtamani mume wangu, Sista. Naandika hivyo kwa sababu hunioni uso. Namtamani, na kila nikifikiria kurudi naingiwa na hofu.

Jawahir


Makupa,
20 Septemba 2024

Mama Rahaf,

Bahasha umeishona vizuri sana. Ungekuwa mkunga ningekupa sindano.

Hukukosea. Ningeona ni kosa nisingekupa uchague. Mchaniko mkubwa, unaofika kwenye misuli au unaotoka damu, huo nashona na sikuulizi mara mbili. Wako ulikuwa wa ngozi na kidogo chini yake. Kwa mchaniko kama huo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kushona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe: kingo hukaa vizuri zaidi majuma ya mwanzo, lakini wengine hulalamika uzi unawavuta wakiketi, kama binamu yako. Ya pili ni gundi maalumu ya ngozi. Haina sindano, na waliotiwa wengi husema siku za mwanzo waliumwa kidogo kuliko walioshonwa, ila siku yako hatukuwa nayo. Ya tatu ni kuuacha. Hupona polepole zaidi, lakini ukiwauliza wanawake baadaye, maumivu ya walioshonwa na ya walioachwa hayapitani sana. Waliolichunguza jambo hili bado hawajapata ushahidi wa kutosha kusema njia fulani ndiyo bora kwa kila mtu. Hata mimi sijui zaidi yao. Ndiyo maana nilikuuliza wewe.

Kushona sasa hapana. Mwili umeshaanza kazi yake, tuuache. Hayo magoti yafunguliwe, utembee humo ndani. Maji yawe safi na ya vuguvugu, tena ya kuoshea tu. Tumbo Bi Mwanarusi akukande kwa upole akitaka, lakini asishuke. Na chetezo cha kufukizia udi usikikalie, moshi na makaa havina kazi kwenye kidonda. Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, njoo siku hiyohiyo. Jumamosi ya wiki ijayo nitapita kwenu nikuangalie, na mamako nitazungumza naye mwenyewe.

Kuhusu kurudi kwa mumeo, arubaini ni ya kwenu na naiheshimu, lakini kidonda hakijui tarehe. Wengine huwa tayari mapema, wengine huchukua miezi. Wewe ndiye utakayejua.

Na mwambie. Alipoleta barua alikataa kiti. Alisimama kwenye mlango wa zahanati akaniuliza, "Sista, mke wangu ana maradhi?" Nimemwambia mke wake mzima, mengine amuulize yeye. Hakuuliza zaidi, lakini hakuondoka upesi.

Cynthia Dzoro


Majengo,
30 Septemba 2024

Jawahir wangu,

Nimesikia Sista Cynthia alikuja kwenu Jumamosi. Barua zenu nilizibeba mfukoni mwa shati, kwenda na kurudi, na Mungu shahidi sikutia hata ukucha. Lakini mke akishona bahasha ili mumewe asiifungue, mume naye ana moyo. Nilikuuliza kama bado unaumwa. Ukanijibu kwamba Rahaf ameanza kucheka usingizini. Nilifurahi kuhusu Rahaf.

Basi sitauliza tena. Nakuletea udi. Umo kwenye kikapu, pakiti ya karatasi nyekundu. Nimeununua dukani kwa Jamaldin, vile vipande vizito unavyovipenda, na mzee alinifukizia kimoja nikausikia mpaka machozi yakanilenga, akadhani ni moshi. Unajua desturi ya nyumba zetu mbili: mume hupeleka udi kabla ya arubaini, mke akajifukiza siku ya kutoka. Ukipokelewa, mume analala akijua anangojwa. Mamangu huniambia babangu aliupeleka wake na kofia mpya kichwani, kana kwamba anakwenda kuposa tena.

Nimepaka chumba chokaa. Nimenunua neti ya mtoto. Nimekutamani mpaka nimeanza kuzungumza na ile leso.

Bassam


Kibokoni,
5 Oktoba 2024

Mume wangu,

Naandika upesi, wageni wako ukumbini. Mama anaona mtoto bado mdogo na ngazi za huko kwetu Majengo ni ndefu. Nimefikiri, labda nikae hapa mpaka mwisho wa mwezi, ama zaidi kidogo. Usikasirike. Ni kwa ajili ya Rahaf.

Chakula cha leo ni mchuzi wa pweza, nimeukaanga mimi.

Jawahir


Majengo,
6 Oktoba 2024

Jawahir,

Hotipoti ya jana ilikuwa na vitu viwili chini yake. Kimoja ni barua yako. Kingine ni pakiti ya udi wangu, imefungwa kwa leso kuukuu, haijafunguliwa hata kona.

Nimeelewa. Sikutegemea kuelewa kwa njia hiyo, lakini nimeelewa. Mke haurudishi udi kwa bahati mbaya. Ungeniambia kwa mdomo wako, au kwa kalamu yako, ningesikia. Usimsingizie mtoto. Ngazi unazozisema uliwahi kuzipanda na mimba ya miezi minane na ndoo mkononi huku ukiimba.

Nimekaa nikijiuliza nilikukosea wapi. Labda ni hivi vyumba vya Majengo, nawe umezaliwa nyumba ya mawe yenye ukumbi na mabaraza. Labda kukaa na watu wako kumekukumbusha raha. Labda Sista Cynthia anajua, maana yeye anaandikiwa. Mimi nabeba tu.

Kikapu nitaendelea kukileta, hiyo ni haki yenu. Ijumaa sitakuja. Siwezi kukaa na ami zako nikinywa kahawa na kujifanya mume.

Bassam


Kibokoni,
7 Oktoba 2024

Bassam,

Wallahi udi sikuuona! Nimejua leo, kutoka kwako. Nimemwendea Mama jikoni na barua yako mkononi, nikamuuliza, naye akaweka mwiko chini akanieleza. Sista Cynthia alipokuja alimwambia nisikikalie chetezo. Mama akasikia kwamba udi basi. Akaona haya kukaa na udi wa watu bure, akaurudisha, na mimi akanificha nisilie. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Hakufikiria utausoma vipi, na ukamsoma yeye kama ni mimi.

Sasa nisikie mimi mwenyewe. Nilipozaa nilichanika. Kidogo, mahali ambapo hatupataji majina mimi na wewe. Nilipewa nichague kushonwa au kuachwa, nikachagua kuachwa kwa kuogopa sindano. Tangu siku hiyo sijalala bila kujiuliza kama nilijiharibu. Mama ananiambia utanikuta si yule uliyemwacha. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya bahasha uliyoibeba. Nilikuwa namuuliza Sista kama bado nakufaa.

Alipokuja Jumamosi ile alinitazama kwa tochi, akasema kingo zimeshikana, panapona vizuri, ila patakuwa na alama kidogo. Nikiketi siumwi tena kama mwanzo. Lakini nikikuwaza karibu yangu mwili unajikaza wenyewe, na siwezi kukuahidi utaacha lini. Huo ndio mwisho wa mwezi niliokuandikia. Si ngazi. Vyumba vyako viwili ndivyo ninavyoviota.

Niliogopa kurudi nikakunyima, ukanyamaza, na kunyamaza kwako mimi nakujua. Nikaona afadhali nikukose nikiwa huku. Na nimekukosa, Bassam. Asubuhi nasikia viatu vyako vikisimama chini ya dirisha, na Mama akiniita nasema niko msalani, kumbe nimeegemea ukuta nasikiliza unavyoondoka.

Bahasha hii sikuishona.

Jawahir


Majengo,
8 Oktoba 2024

Mama Rahaf, mke wangu,

Kwanza nilikasirika. Nikatembea chumbani nikisema peke yangu, huyu mwanamke ananiona mimi mwanamume gani? Kisha nikakumbuka siku aliyozaliwa Rahaf. Nilipofika zahanati nilimuuliza Sista mtoto ana uzito gani. Nikauliza anafanana na nani. Nikapiga simu Malindi, nikapiga simu Muscat, nikanunua halua. Wewe ulikuwa umelala pale umegeukia ukuta, na sikukuuliza umeumia wapi. Mpaka leo sikujua kwamba mwanamke akizaa huchanika. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza mtu. Hasira ikaisha hapohapo, nikabaki na aibu.

Jawahir, kidonda ni chako. Kupona kwake utakusema wewe. Haitakusema arubaini, wala Mama, wala mimi. Ikichukua mwezi, mwezi. Ikichukua mwaka, tutazungumza sana mwaka huo, maana tuna mengi. Ninachokitaka usiku ni kusikia pumzi yako upande ule wa kitanda. Kama nikikunyamazia, nipige na mto.

Udi naurudisha. Usiukalie. Fukizia mtandio wako na nguo za Rahaf, basi, nipate harufu yenu ndani ya nyumba. Tarehe kumi na mbili nitakuja. Ukifungua mlango na mkoba, nitaubeba. Ukifungua ukasema bado, nitachukua hotipoti nirudi, na kesho yake asubuhi nitapita tena njia ya Fort Jesus. Griffins ameshazoea.

Umeumia wapi, na sasa unaendeleaje? Hilo ndilo swali langu, limechelewa.

Bassam


Majengo,
10 Oktoba 2024

Babake Rahaf,

Tazama hapo juu nilipoandika mahali. Barua hii haikusafiri. Nimemwachia Kahindi dukani akupe kabla hujapanda ngazi, ili usije ukaanguka kwa mshtuko, tukawa na wagonjwa wawili.

Jana usiku Mama alinikuta nalia na barua yako. Akadhani umenipa talaka. Nikaona hakuna namna, nikamsomea. Nilipofika pale uliposema hukuniuliza nimeumia wapi, alinyoosha mkono niache kusoma. Alikuwa na leso, ile ya kunifungia magoti. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, "Nimezaa watoto sita. Babako, Mungu amrehemu, hakuniuliza hata siku moja." Hakulia. Aliiweka leso kabatini, na alfajiri akaniamsha: "Inuka ufunge nguo zako. Twende ukamjibu mwenyewe."

Nikamwambia arubaini bado siku mbili, watu watasema. Akasema arubaini itakwishia Majengo, yeye mwenyewe ataisimamia. Maana yake, mume wangu, mamako mkwe yuko ukumbini kwako na sufuria zake, ameshahamisha viti, na atalala hapo mpaka arubaini itimie. Usilalamike. Ulitaka pumzi, zimekuja tatu.

Udi nimeuchoma. Mtandio unanukia, na Rahaf amelala ndani ya neti yake mpya akinukia kama bibi arusi. Bado naogopa, nisikufiche. Lakini ngazi nimezipanda kwa miguu yangu, na sasa naandika nikiwa nimeketi kwenye kiti chako, nimeketi sawasawa, pande zote mbili.

Fungua mlango polepole, mtoto asiamke. Msalimie Mama. Kisha uje chumbani uniulize tena lile swali, kwa mdomo. Niulize mimi kwanza, ndipo umuulize mtoto.

Mkeo,
Jawahir